Sumu Isiyotiwa Haihitaji Kutolewa

Wenyeji wa miteremko ya Mlima Meru wanajua jambo moja kuhusu maji ambalo wageni hujifunza wakiwa watu wazima: maji yanaweza kuwa maangavu, baridi na matamu, na bado yakadhuru. Miamba ya volkano ya mlima huu ina floridi nyingi. Maji yanapopenya ndani yake huiyeyusha na kuibeba hadi kwenye chemchemi, visima na mito. Mtoto anayeyanywa tangu akiwa mdogo meno yake hupata madoa ya kahawia. Anayekunywa kiasi kikubwa kwa miaka mingi huweza kuathirika mifupa, na wako waliopinda miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja, na viko vyanzo vya maji katika eneo letu vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa.

Njia mojawapo ya kuitoa floridi imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi hapa hapa jirani, katika kituo cha Ngurdoto. Mifupa ya ng'ombe huchomwa ikawa mkaa, husagwa, kisha maji hupitishwa humo. Mkaa huishika floridi. Lakini baada ya muda hushiba, na inabidi uondolewe uwekwe mwingine. Ndivyo ilivyo kwa kila sumu iliyokwisha kuchanganyika na maji au udongo: kuitoa ni kazi isiyokwisha, na anayeifanya kazi hiyo si lazima awe ndiye aliyenufaika na chochote.

Tumeanza na floridi ingawa makala hii inahusu kompyuta. Tumefanya hivyo kwa sababu wasomaji wetu wa Arusha na Arumeru wanaijua tayari hoja yetu kwa meno yao wenyewe. Floridi ya Meru haikutiwa na mtu. Risasi, zebaki na kadimiamu zilizomo katika kompyuta zilitiwa na mtu, kiwandani, kwa kuamua. Kwa hiyo inawezekana pia kuamua kutozitia.

Kuna nini ndani ya kompyuta?

Tuanze na zile za zamani, ambazo bado zimejaa katika stoo za shule, ofisi na parokia nyingi. Monita ya chogo, ile yenye mgongo mkubwa, ina kioo kizito kilichochanganywa na risasi ili kuzuia mionzi isimfikie anayeitazama. Monita moja ya aina hiyo huweza kuwa na kilo moja hadi tatu za risasi. Ikiwa nzima, risasi hiyo imefungwa ndani ya kioo. Ikivunjwavunjwa na kutupwa, vumbi na vipande vyake hubaki ardhini.

Halafu kuna risasi ya kulehemu. Kila kifaa kidogo kwenye bodi ya kompyuta hushikizwa kwa tone la metali. Kwa miaka mingi tone hilo lilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, kwa kawaida sehemu 60 za bati kwa 40 za risasi. Monita bapa za mwanzo zilikuwa na taa nyembamba zenye zebaki nyuma ya kioo. Kadimiamu ilitumika katika betri za aina fulani na katika sehemu za kugusanisha umeme. Kromiamu ya aina inayoitwa heksavalenti ilipakwa kwenye vyuma visishike kutu. Plastiki ya kasha ilichanganywa na kemikali zenye bromini ili isishike moto kwa urahisi, na nyaya zilivishwa plastiki yenye klorini.

Hakuna kati ya vitu hivi kilichowekwa kwa nia mbaya. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake, na kiliifanya vizuri. Tatizo huonekana pale kompyuta inapozeeka, inapofunguliwa, inapochomwa au kutupwa.

Risasi ni mfano mzuri wa namna madhara yanavyotokea. Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu. Kwa hiyo huipeleka kwenye mifupa na meno, kama inavyokuwa kwa floridi, na huko inaweza kukaa miaka mingi. Kwa mtoto huenda pia kwenye ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huweza kufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Zebaki hushambulia mishipa ya fahamu na figo. Kadimiamu huharibu figo na kudhoofisha mifupa.

Nyaya zina hatari ya peke yake. Anayetafuta shaba ili auze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu huona njia rahisi ni kuzichoma. Plastiki yenye klorini ikiungua pamoja na shaba hutoa dioxini, sumu inayokaa muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakidonoa katika eneo la Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana, ambako taka za elektroniki zilikuwa zikichomwa kwa wingi. Waligundua kwamba mtu mzima akila yai moja tu la hapo anapita mara 220 kiwango cha dioxini kwa siku kinachovumiliwa na mamlaka ya chakula ya Ulaya. Kuku hakujua kompyuta ni nini. Yeye alidonoa tu.

Kikomo kinafanyaje kazi?

Januari 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayojulikana kwa herufi RoHS, inayowekea kikomo vitu vya hatari katika vifaa vya umeme na elektroniki. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2006. Iliwekea vikomo vitu sita: risasi, zebaki, kadimiamu, kromiamu heksavalenti na makundi mawili ya kemikali za bromini za kuzuia moto. Mwaka 2011 iliandikwa upya. Mwaka 2015 ziliongezwa kemikali nne zinazotumika kulainisha plastiki, na kwa kompyuta vikomo vyake vilianza tarehe 22 Julai 2019.

Kikomo chenyewe ni asilimia 0.1 ya uzito, yaani gramu moja katika kilo moja. Kwa kadimiamu ni asilimia 0.01, gramu moja katika kilo kumi. Lakini kilo ya nini? Hapa ndipo penye akili ya sheria hii. Hesabu haifanywi kwa uzito wa kompyuta nzima. Hufanywa kwa kila kitu kisichoweza kutenganishwa zaidi kwa mikono au kwa mashine: tone la kulehemu peke yake, plastiki ya waya peke yake, rangi ya chuma peke yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kompyuta ya kilo kumi ina gramu 20 za risasi ya kulehemu ya zamani, yaani gramu 8 za risasi halisi. Tukigawanya kwa kompyuta nzima, tunapata asilimia 0.08, na mashine ingepita. Tukigawanya kwa tone lenyewe tunapata asilimia 40, na mashine inakataliwa. Ni sawa na mama anayeonja chumvi. Akiona donge la chumvi katika kijiko kimoja cha mchuzi, hatuambii tupime sufuria zima.

Viwanda vililalamika kwamba haiwezekani. Mchanganyiko wa zamani huyeyuka kwenye nyuzijoto 183. Mchanganyiko mpya wa bati, fedha na shaba huhitaji takriban 217, kwa hiyo tanuri na vifaa vingine vilibidi kurekebishwa. Vikarekebishwa. Leo kompyuta nyingi mpya duniani hazina tone la risasi katika sehemu kubwa ya bodi, hata zile zinazouzwa mbali na Ulaya, kwa kuwa kiwanda hakipendi kutengeneza bodi mbili za aina tofauti. China nayo iliweka kanuni zake kuanzia Machi 2007.

Tusidanganyane, kikomo si sifuri. Sheria ina misamaha kwa matumizi ambayo mbadala wake haujakomaa. Betri zina sheria yake nyingine, na betri ya UPS, ile inayowekwa chini ya meza kuzuia kompyuta isizime umeme unapokatika, kwa kawaida imejaa risasi na asidi hadi leo. Hata hivyo tofauti kati ya bodi ya mwaka 2000 na bodi ya mwaka 2020 ni kubwa, na ililetwa na uamuzi uliofanyika kabla kompyuta haijatengenezwa. Hakuna aliyelazimika kuchoma mifupa ili kuitoa risasi ile. Haikutiwa.

Sheria ya Ulaya na mtu wa Arusha

Msomaji anaweza kuuliza: sheria ya Brussels inamhusu nini mtu wa Ngaramtoni au Usa River? Inamhusu kwa njia mbili. Kwanza, kompyuta mpya anayoinunua mjini imetoka katika viwanda vile vile. Pili, kompyuta kuukuu anayoipokea kama msaada imetoka huko huko, na mwaka wa kutengenezwa kwake ndio unaoamua imebeba nini.

Afrika iliwahi kujifunza kwa uchungu kwamba si kila shehena ni zawadi. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba taka zenye sumu kutoka Italia zilikuwa zimerundikwa katika kijiji cha Koko, Nigeria. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliweka utaratibu wa dunia wa kudhibiti usafirishaji wa taka za hatari. Nchi za Afrika zikaona hautoshi, na mwaka 1991 zikaandika Mkataba wa Bamako unaokataza kabisa taka hizo kuingizwa barani. Tanzania ni mwanachama wa mikataba yote miwili. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki, ziwe za hatari au la, zisivuke mpaka bila nchi inayozipokea kupewa taarifa na kukubali kwanza.

Hapa nyumbani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Chini yake kuna kanuni za mwaka 2021 za udhibiti na usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha.

Lakini uko mwanya ambao mikataba haiuzibi vizuri. Kompyuta inayowaka siku ya kupakiwa melini haiitwi taka. Ikifika, ikatumika miezi sita, ikafa, inakuwa taka yetu. Aliyeitoa ameandika katika ripoti yake kwamba amesaidia shule. Shule imebaki na kilo kadhaa za risasi stoo.

Na stoo ikijaa, vitu hutoka. Mito ya Themi, Naura na Ngarenaro hushuka kutoka Meru na kupita katikati ya jiji. Kando ya Themi watu hulima mboga na kuziuza sokoni. Maji ya Themi huendelea hadi Kikuletwa, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kinachotupwa kwenye korongo la Arusha hakibaki Arusha. Ripoti ya dunia iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki. Asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika ni chini ya asilimia moja.

Swali la maada

Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa mapema sababu nne za Aristotle, ambazo Mtakatifu Thoma wa Akwino alizipokea na kuzitumia: kitu kimefanywa kwa maada gani, kina umbo gani, nani amekifanya, na kwa lengo gani. Tukinunua kompyuta tunauliza maswali matatu kwa bidii. Umbo: ni mpakato au ya mezani? Mtendaji: ni ya kampuni gani? Lengo: itafaa kuandikia tasnifu, kufundishia, kutunzia hesabu za parokia? Swali la maada hatuliulizi. Tunaipokea kompyuta kana kwamba imeumbwa kwa kasi na kumbukumbu tu.

Falsafa hutufundisha pia kutofautisha ubaya wa kimaumbile na ubaya wa kimaadili. Floridi ya Meru ni ya kundi la kwanza. Hatuwezi kuushtaki mlima, ingawa tunaweza kulaumiwa tukijua na tusiwasaidie wanaokunywa maji yake. Risasi ya kompyuta haikuletwa na volkano. Kuna aliyechora bodi, aliyeiagiza, aliyeiuza, aliyeitoa msaada na aliyeipokea. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuuliza, na pale palipo na nafasi ya kuuliza pana wajibu.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, anazitaja taka za elektroniki kati ya uchafu unaoigeuza dunia yetu kuwa jalala, na analiunganisha jambo hilo na utamaduni wa kutupa vitu pamoja na watu. Kabla yake Papa Benedikto XVI alikwisha kufundisha kwamba kununua ni tendo lenye uzito wa kimaadili, si la kiuchumi tu. Mafundisho hayo hayahitaji fedha nyingi ili kuyatimiza. Yanahitaji mtu anayesoma alama iliyo nyuma ya mashine.

Wako watakaosema maskini hachagui: shule isiyo na kompyuta hata moja itauliza vipi habari za kadimiamu? Hoja hii ina uzito, na hatupendekezi kukataa kila kompyuta iliyotumika. Kuitumia mashine nzima kwa miaka mitano zaidi ni jambo jema, kwa sababu kutengeneza mpya nako hula madini, maji na umeme. Tunachopinga ni dhana kwamba umaskini unamwondolea mtu haki ya kuuliza. Mtoto wa shule ya kata ana ubongo ule ule unaokua kama mtoto wa aliyetoa msaada. Kama kikomo kiliwekwa kwa ajili ya mmoja, sababu ile ile inamhusu wa pili.

Tufanye nini?

Kwa mkuu wa shule, mhazini wa parokia au jumuiya inayopewa kompyuta, tunapendekeza maswali manne kabla ya kusema asante.

La kwanza, imetengenezwa mwaka gani? Iliyotengenezwa kabla ya Julai 2006 ikataliwe kwa upole. La pili, imejaribiwa na kuonekana inafanya kazi kabla ya kusafirishwa? La tatu, ina alama gani? Pipa la taka lililokatwa msalaba, likiwa na mstari mnene chini yake, linaonyesha kifaa kiliingia sokoni Ulaya baada ya tarehe 13 Agosti 2005, na kwamba hakipaswi kutupwa na taka za kawaida. Kwenye bidhaa za China, duara la rangi ya chungwa lenye namba ndani yake linamaanisha kifaa kina vitu vya hatari vinavyopita kikomo mahali fulani, na namba ni miaka ambayo vinatarajiwa kutovuja kikitumiwa ipasavyo. Duara la kijani lenye herufi e linamaanisha hakina. La nne, itakapokufa itakwenda wapi, na nani atalipa? Mfadhili aliyeweza kulipia meli anaweza kuombwa kuchangia pia mwisho wa safari.

Kwa vitu vilivyokwisha kujaa stoo: visichomwe, visizikwe shambani, na monita za chogo zisivunjwe. Viwekwe pakavu, mbali na watoto, na ofisi ya NEMC iulizwe ni nani mwenye kibali cha kuvichukua. Betri za UPS zisifunguliwe kwa nyundo.

Kwa mafundi wetu, ambao bila wao kompyuta nyingi zingekuwa jalalani zamani: moshi unaopanda wakati wa kulehemu ni wa utomvu zaidi kuliko wa risasi. Unaumiza mapafu, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Risasi yenyewe huingia kwa njia ya mkono. Fundi hushika waya wa kulehemu, kisha hushika andazi. Sabuni na maji kabla ya kula ni kinga kubwa kuliko inavyodhaniwa. Na bodi iliyotoka kiwandani bila risasi, ikiwezekana, ilehemiwe bila risasi.

Kwa watunga sera, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa mjini kwetu. Kiwango kimoja cha vikomo, kinachotumika katika forodha zote za Jumuiya, kingekuwa na nguvu kuliko kila nchi kukagua peke yake. Ulaya haikuwa na kompyuta safi ndipo ikaandika sheria. Iliandika sheria, na kompyuta zikafuata.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Meru wamejenga ukuta wa floridi kwa miaka mingi, chujio kwa chujio, kwa ufa ambao hawakuupasua wao. Ufa wa kompyuta unaonekana leo, na kuuziba kunaanza na swali moja ambalo mnunuzi yeyote anaweza kuliuliza dukani: hii imetengenezwa kwa nini?